Tengeneza Tangi la Samaki Nyumbani kwa Bajeti Ndogo

Samaki wanaokufa na kununuliwa upya ndio wanaomaliza pesa za mtu anayeanza kufuga, wao pamoja na dawa za kutibu ugonjwa ambao chanzo chake ni maji. Tangi lenyewe ni gharama ya mara moja, na ukilitengeneza kwa mkono wako gharama hiyo inapungua sana. Kwa hiyo katika mwongozo huu tutabana matumizi kwenye vitu visivyomhusu samaki: mapambo ya plastiki, kabati la kupendeza, taa za rangi rangi, mfuniko wa kiwandani. Kwenye wingi wa maji na chujio hatutabana. Kwenye muda hatutabana kabisa. Ukianza leo, hesabu kwamba samaki wa kwanza ataingia baada ya wiki sita hadi nane hivi, na kungoja huko ndiko kutakakokuokolea pesa kuliko ujanja mwingine wote ulioandikwa hapa.

Ukubwa, na mahali pa kuliweka

Wengi huanza na bakuli dogo la mviringo kwa kudhani kwamba kidogo ndicho rahisi. Maji machache ndiyo magumu kuyatunza. Kinyesi cha samaki mmoja katika lita 10 kinageuka sumu haraka kuliko katika lita 50, na joto la maji machache hupanda mchana na kushuka usiku kwa kasi ambayo samaki haiwezi. Mimi nashauri sentimita 60 kwa urefu, 30 kwa upana na 30 kwa kimo. Kupata ujazo, zidisha vipimo vitatu kwa sentimita kisha gawanya kwa 1,000: hapa unapata lita 54. Ukitoa nafasi ya changarawe na sentimita chache unazoacha wazi juu, yanabaki maji ya lita 45 hivi.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza kioo, kama kilo 11, na changarawe, na una zaidi ya kilo 65 zimekaa mahali pamoja mchana na usiku kwa miaka. Kimeza chepesi cha sebuleni hakifai. Tofali zilizopangwa vizuri na ubao mnene juu yake ni stendi imara kuliko makabati mengi ya dukani. Weka pima maji juu ya ubao, kwa urefu na kwa upana, maana tangi lililoinama hulemea upande mmoja na mshono wa silikoni wa upande huo ndio unaoteseka. Chini ya tangi tandika ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni kwenye boksi, unene wa sentimita moja, ili chembe ya mchanga isije ikakipasua kioo kutoka chini.

Usiliweke panapopigwa na jua moja kwa moja, utafuga mwani badala ya samaki. Na hapa nakusihi sana: chumba chenye tangi kisipulizwe dawa ya wadudu. Dawa nyingi za kupuliza zimetengenezwa kwa pairethroidi, ambazo zinaua samaki kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huzinyonya kutoka chumbani na kuzipeleka ndani ya maji.

Kabla hujaenda kununua kioo, ulizia kama kuna mtu ana tangi la zamani analotaka kuliondoa. Lijaze maji nje, juu ya sakafu iliyonyooka, liache siku mbili. Lisipovuja, na kama silikoni yake ya ndani haibanduki ukiikwaruza kwa ukucha, ruka sehemu mbili zinazofuata.

Kukata kioo

Nenda kwa fundi vioo ukiwa na vipimo mkononi. Agiza kioo cha kawaida cha milimita 6. Kile kilichoimarishwa kwa joto hakikatiki tena kikishatoka kiwandani, hivyo hakikufai. Vipande ni vitano:

Kimoja cha chini, sm 60 kwa 30.
Viwili vya mbele na nyuma, sm 60 kwa 30.
Viwili vya ubavuni, sm 28.6 kwa 30.

Mbavu ni fupi kwa sababu zinakaa katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, ambavyo kila kimoja kinachukua milimita 6 ya upana. Hiyo ni sm 1.2, na milimita mbili zaidi ni nafasi ya silikoni, milimita moja kila upande. Vikatwe vyote siku moja na mtu mmoja, vipande pacha viwe pacha kweli. Kuhakikisha kwamba pembe ni mraba, pima kutoka kona hadi kona: kipande cha 60 kwa 30 kinatakiwa kusoma sm 67.1 kwa njia zote mbili. Kikisoma tofauti, kirudishe hapo hapo dukani, kwa sababu kosa la milimita tatu hutaweza kuliziba kwa silikoni. Mwombe fundi asage kingo, au zisugue mwenyewe kwa msasa ukiwa umelowa maji.

Usivutiwe kuongeza kimo. Maji yanasukuma kioo kulingana na kina chake, na tangi la sentimita 50 kwenda juu linahitaji kioo kinene zaidi, hivyo bei inapanda kwa uzuri wa macho tu. Samaki wadogo huogelea kwenda mbele na nyuma. Urefu unawasaidia kuliko kimo.

Kugandisha

Silikoni ndiyo inayoshika kila kitu, hivyo chagua kwa makini. Unataka silikoni halisi ya asilimia 100, ile yenye harufu kali ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na dawa hiyo inaua samaki. Soma tyubu mpaka mwisho. Nyingi zinazofaa zimeandikwa wazi kwamba ni za matangi ya samaki.

Tafuta mtu wa kukusaidia. Silikoni huanza kufanya ngozi juu baada ya dakika tano hadi kumi, na mikono miwili haitoshi kushika vioo vinne.

1. Tandaza boksi sakafuni, weka kioo cha chini katikati. Safisha kingo zote za vioo kwa spiriti au asetoni, kisha usiziguse tena kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya silikoni ishindwe kushika.

2. Bandika utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi ndani ya vioo, ukifuata kingo, umbali wa sentimita moja na nusu hivi kutoka ukingoni. Utepe huo ndio utakaonyoosha mshono wako.

3. Kata ncha ya tyubu kwa mshazari, tundu la milimita 4. Kamua mstari mmoja usiokatika juu ya ukingo wa nyuma wa kioo cha chini. Simamisha kioo cha nyuma juu yake, kiegemeze kwenye kitu kizito. Fuata ubavu mmoja, halafu wa pili, mwisho kioo cha mbele. Kila kioo kinapokutana na kingine kuna mstari wa silikoni katikati.

4. Bana taratibu mpaka silikoni itandae na kubaki unene wa milimita moja. Ukibana mpaka yote itoke, kioo kitakuwa kimegusana na kioo na hakuna kinachovishika. Mulika kiungo kwa tochi kutoka nje: unataka kuona mstari mmoja wa rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiduara cheupe ni kipovu cha hewa. Kimoja kidogo hakina neno, lakini mlolongo wa vipovu unaovuka mshono mzima ni njia ya maji. Vua kioo hicho, futa, kamua upya.

5. Zungusha utepe imara nje ya tangi ushike kona. Kisha kamua mstari wa pili ndani, kwenye kila pembe, uulainishe kwa kidole chenye glavu iliyolowa, mkupuo mmoja bila kurudia rudia. Bandua utepe wa karatasi papo hapo kabla ngozi haijashika.

Sasa liache. Siku ya pili litaonekana limekauka, lakini ndani ya mshono bado ni bichi. Lipe wiki nzima, mpaka harufu ya siki iishe. Kisha lijaribu nje: nusu kwanza, ukiona sawa lijaze, tandaza karatasi kavu kuzunguka chini na uliache siku mbili. Karatasi iliyolowa itakuonyesha kona yenye shida.

Likivuja, usipake silikoni kwa nje. Maji yanaisukuma kutoka ndani na itabanduka tu. Mwaga maji, kausha, kata mshono wa ndani wote kwa wembe na uupake upya wote, kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokwisha kukauka.

Chujio la sponji

Hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika ufugaji wa samaki, kwa sababu ni cha bei ndogo, hakina cha kuharibika na kinafanya kazi sawa na vya gharama kubwa. Unahitaji pampu ndogo ya hewa, mpira wake mwembamba, kipande cha bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita mbili, na sponji yenye matundu makubwa. Sponji ya kuoshea vyombo ni ya kuangalia vizuri: baadhi zimetiwa dawa ya kuua vijidudu, nasi vijidudu ndivyo tunavyovitaka.

Kata sponji iwe na kimo cha sentimita 10 na upana wa sentimita 8. Toboa katikati, lakini usitokeze upande wa pili. Toboa matundu madogo madogo kwenye sehemu ya bomba itakayokaa ndani ya sponji, lisukumie humo, na funga jiwe chini ili lizame. Kata bomba juu liishie kidogo chini ya uso wa maji. Ingiza mpira wa hewa ndani ya bomba mpaka karibu na chini, uwashe pampu. Vipovu vinapanda, vinabeba maji ya ndani ya bomba kwenda navyo, na maji mengine yanavutwa kupitia sponji kuziba nafasi. Uchafu unanasa kwenye sponji, na uso wa maji unachemka chemka, ambapo ndipo oksijeni inapoingilia.

Mambo mawili ya usalama hapa. Pampu ikae juu zaidi ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. La sivyo umeme ukikatika maji yatateremka kwa mpira mpaka ndani ya pampu. Na kila waya unaotoka kwenye tangi uachwe ulegee na kushuka chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni. Zima umeme wote kabla hujaingiza mkono majini.

Changarawe, mimea na mwanga

Changarawe ya mto inatosha, vijiwe vya milimita mbili hadi nne, kina cha sentimita nne au tano. Dondoshea siki kwenye vijiwe vichache. Vikitoa povu vina chokaa, vitaongeza ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake. Samaki wadogo wa mapambo kama gapi na plati wanavumilia, samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, hawapendi. Osha changarawe kwenye ndoo, ukoroge na kumwaga, mpaka maji yatoke meupe. Sabuni isiguse kitu chochote kinachoingia tangini.

Mimea hai ni akiba ya pesa, kwa sababu inakula mabaki ambayo ungelazimika kuyaondoa kwa kubadilisha maji. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria, na jinsi majani yaliyooza yalivyochafua maji mpaka alipoongeza konokono wa kuyala. Vallisneria bado ni mmea mzuri kwa anayeanza. Ceratophyllum hata mizizi haihitaji: utupie tu uelee. Anubias hukua polepole na huridhika na mwanga hafifu, ila usilifukie shina lake nene linalolala, litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe. Kagua mimea kabla ya kuiweka na uondoe majani yaliyooza.

Kwa mwanga, taa ya kawaida ya LED nyeupe, ya kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), juu ya tangi kwa saa sita hadi nane kwa siku. Mwani ukizidi, punguza saa kabla ya kufikiria dawa.

Wiki za kungoja

Jaza maji. Ya bomba huwa na klorini, inayochoma matamvua ya samaki na kuua bakteria tunaowahitaji. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24, klorini hutoka yenyewe. Lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa, na hapo lazima ununue dawa ya kuondoa klorini. Nyingi zina sodiamu thiosalfeti, na chupa ndogo inadumu muda mrefu. Usipojua maji yako yana ipi, tumia dawa.

Washa chujio, na usinunue samaki. Kinachotokea sasa hakionekani kwa macho, nacho ndicho kinachoamua kama samaki wataishi. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi la bakteria huibadilisha amonia kuwa nitriti, sumu pia: inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, samaki anahema juu ilhali maji yana hewa tele. Kundi jingine, hasa Nitrospira, hubadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haijazidi, na mimea huila. Bakteria hawa hukaa kwenye sponji na changarawe, na huzaliana polepole mno. Tangi jipya halina wa kutosha.

Kwa hiyo unawalea kwanza. Kila siku tia chakula cha samaki kidogo, kile ungewapa samaki wawili watatu. Nunua vipimo vya matone vya amonia na nitriti, na hapa tafadhali usibane bajeti. Utaona amonia ikipanda, kisha inaanza kushuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo inashuka. Mara nyingi safari hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Zote mbili zikisoma sifuri kwa wiki nzima, na wewe unaendelea kutia chakula kila siku, tangi liko tayari.

Katikati ya hapo maji yanaweza kugeuka meupe yenye ukungu. Ni bakteria wa aina nyingine waliostawi ghafla kwa chakula kinachooza. Wataisha wenyewe, usiyamwage maji. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi na samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya tangi lako. Uchafu ule wa kahawia umejaa bakteria, na unaweza kukupunguzia kungoja kwa wiki kadhaa.

Samaki wa kwanza

Kwa lita 45, danio sita au gapi madume sita wanatosha kuanzia. Danio hupenda kuwa kundi na wana nguvu. Gapi nasema madume kwa makusudi: jike huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa kwa miezi hata akiwa peke yake. Tangi hili halitawatosha. Beta anafaa pia, dume mmoja peke yake. Samaki wa dhahabu mwache, hata kama ndiye wa bei rahisi dukani. Anakua kupita sentimita 20, anachafua maji kwa wingi, na tangi hili kwake ni jela.

Usiwaingize wote siku moja. Anza na watatu, ngoja wiki mbili huku ukipima maji, kisha ongeza. Mfuko wao uelee juu ya maji kwa dakika 15, joto lilingane, halafu ongeza maji ya tangi ndani ya mfuko kidogo kidogo kwa nusu saa. Watoe kwa kijavu, maji ya dukani yamwage nje. Wengi wa samaki hawa wanataka joto la nyuzi 24 hadi 26. Kama chumba chako kinapoa chini ya hapo, hita ya wati moja kwa kila lita inatosha.

Walishe kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku.

Kazi ya kila wiki

Toa robo ya maji kwa mpira, ukivuta takataka kutoka juu ya changarawe, na urudishe maji yaliyotayarishwa yenye joto linalolingana. Sponji ikijaa, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usiioshe bombani: klorini itaua bakteria uliowalea wiki zote zile, na amonia itarudi kana kwamba tangi ni jipya.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, acha kuwalisha, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu ili hewa iingie. Umeme ukichelewa kwa saa nyingi, ikamue sponji kwanza kabla ya kuwasha tena pampu, kwa sababu bakteria waliokufa ndani yake nao wanaoza. Na asubuhi yoyote ukiwakuta samaki wanahema juu, pima amonia na nitriti papo hapo, badilisha nusu ya maji, na wasipewe chakula mpaka kesho yake.